Pale Ng'ombe Anapotuliza Miguu ya Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia ya ukili, darubini na amri moja: mwangalie ng'ombe miguu. Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo, nimevaa kitenge kipya na viatu vya kisigino, nikidhani nitakaa ofisini. Daktari wa mifugo, mkuu wa idara yetu, alivitazama vile viatu, akacheka chini chini, akanipeleka malishoni hivyo hivyo. Shamba la kampuni ya shaba lilikuwa nje kidogo ya Likasi, kule Katanga, na ng'ombe wake ndio waliotoa maziwa ya watoto wa kambi za wafanyakazi. Shaba ya wakati ule kila mtu anaisimulia. Ng'ombe hawana msimulizi, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Basi nawaeleza ninyi vijana. Ng'ombe hajilii ovyo. Anasimama, anatuliza miguu ya mbele, anazungusha kichwa kushoto na kulia, anang'oa kila jani ambalo ulimi wake unalifikia. Eneo lile analolifikia bila kunyanyua mguu tuliliita kituo cha kula. Akisogeza mguu wa mbele, kituo kimekwisha na kingine kimeanza. Ni kama sisi mbele ya bukari, ugali wetu: mboga ikiwa tamu hakuna anayeinuka, ikiwa maji matupu kila mtu anakumbuka ana safari. Ng'ombe anayedumu kituoni anashiba. Anayehamahama anachoka bure, na wakati wa kukamua chuchu zake zinasema ukweli.

Tulikuwa pia na kazi ya kung'oa kwa mkono. Unamfuata ng'ombe ubavuni. Akitwaa tonge, nawe unang'oa jani lile lile, kwa urefu ule ule, unalitia mfukoni likapimwe maabara. Watu wa Kikula, mtaa niliokaa mjini, waliopita njiani walidhani nimerukwa na akili. "Mama, uko unashindana na ngombe?" walinitania. Wakaniita Mama Miguu. Jina likanishika, nami sikulikataa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa upande wa Kambove kuchunguza mbuzi, viumbe wasio na adabu ya kutulia popote, kisha nikarudishwa kuwa mkuu wa malisho. Nikakuta maziwa yamepungua. Mkurugenzi mpya hakuziamini nyasi zetu. Alipeleka neno kwamba atakuja Jumatatu, na asiporidhika kundi lote litakwenda kwa wachinjaji.

Daktari aliniita. "Weye njo utamuonyesha," akasema. "Asikuye kusikia maneno. Aone na macho."

Jibu nilikuwa nalo. Nyasi hazikuwa mbaya, zilikuwa hazipumzishwi. Kwa hiyo kipande kimoja tulikuwa tumekifunga kwa waya, ng'ombe wasiingie, mpaka majani yakafika magotini, mabichi na laini. Mpango ulikuwa kuwaingiza ng'ombe humo mbele ya Mkurugenzi, ajionee wanavyotulia vituoni.

Sasa, enzi zile Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, kila mtu pale anapoishi. Mimi nilikuwa Kikula nazibua mifereji pamoja na majirani. Wachungaji walioishi shambani walifanya salongo yao huko huko, chini ya msimamizi wao, kapita Ngoie, mtu aliyependa uwanja safi kuliko chakula. Jumatatu asubuhi nilipofika nilikuta kipande changu kimefyekwa kama kiwanja cha mpira. Kapita alikuwa amesimama langoni, amechana nywele, anangoja sifa.

"Kapita, ni nani alikata majani?"

"Shiye bote, Mama. Mukubwa anakuya, tutamupokea mu pori? Atasema batu ba hapa ni bavivu."

"Mulikata yote?"

"Yote, mupaka pale ku kichuguu. Kule iko nyoka."

Niliketi chini, vumbini, nikalia. Sioni haya kusema. Kapita alipoelewa alichokifanya alivaa kofia yake akaivuta mpaka machoni, maana ng'ombe wale aliwalea tangu ujana wake na wengine aliwazalisha kwa mikono yake mwenyewe.

Sikuwa nimemaliza kufuta uso gari la Mkurugenzi likaingia. Akashuka na suti yake ya abakosti iliyopigwa pasi, Daktari nyuma yake, akaniita raia kama ilivyokuwa desturi ya enzi zile: "Bonjour, Citoyenne. Nionyeshe."

Tungefanya nini? Tukafungua lango. Ng'ombe wakaingia wakaanza kutembea. Hatua, jani moja, hatua, jani moja, hakuna mguu uliotulia.

"Citoyenne, hizi ngombe ziko natembea tu," Mkurugenzi akasema.

"Tungoje kidogo, Citoyen Directeur." Nikaendelea kuwaangalia ng'ombe miguu.

Kundi liliongozwa na jike mkubwa mwekundu tuliyemwita Madame. Akafika kwenye kichuguu, mojawapo ya vile vya kwetu Katanga virefu kuliko nyumba, ambako wenye mapanga walimwogopa nyoka wakayaacha majani yamesimama. Madame akasimama. Miguu yake ya mbele ikatulia, kichwa kikashuka, ulimi ukaanza kazi. Wenzake wakamfuata, wakakizunguka kichuguu, na sisi tukawa tunasikia nyasi zinavyokatika.

Mkurugenzi alisogea. "Mbona hapa zinasimama?"

"Kule zinatafuta. Hapa zinakula. Kipande chote kilikuwa hivi mpaka juzi."

"Na nani alikata?"

Kapita akavua kofia. "Minye, Mukubwa. Nilitaka uone pasafi."

Mkurugenzi aling'oa jani, akalitafuna ncha, akawatazama ng'ombe kwa muda. Halafu akacheka. "Ngombe zitabakia. Na weye, kapita, usafi yako fanyia ku bureau, hapana ku majani."

Miaka iliyofuata tulivipumzisha vipande vyote kwa zamu, maziwa yakarudi, na vijana walitumwa kwangu kujifunza kuangalia miguu. Najivunia hilo, wala sitalisema kwa unyenyekevu wa uongo. Kapita naye alijivuna. "Ile essai, ile jaribio, minye njo niliifanya," alisema. "Bila panga yangu, Mukubwa angelinganisha na nini?" Siku nikiwa na moyo mzuri nilimkubalia.

Siku ya kustaafu kwangu walifyeka shamba zima kwa ajili ya sherehe. Nikatafuta kiti changu, sikukiona. Kapita, mzee tayari, mkongojo mkononi, akanipeleka kwenye kichuguu. Kiti kilikuwa pale, katikati ya majani marefu ambayo hayakuguswa.

"Kwengine tulisafisha juu ya bageni," akasema. "Hapa tuliacha juu yako, Mama Miguu."

Hotuba zikaisha, chakula kikaisha, gari la kunirudisha mjini likapiga honi. Nikasimama niende, na miguu yangu, ya mbele na ya nyuma ni hiyo hiyo miwili, ikakataa kusogea.