Bega la Mama Yuditha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Mbulu, Mganga Mfawidhi alinifungulia chumba kilichojaa magodoro chakavu.

"Karibu. Utafanyia hapa hayo mazoezi tiba yako," akasema. "Vifaa utajitafutia."

Nilitoka Tabora, sijazoea baridi ile. Niliondoa magodoro, nikafunga kapi darini na kupitisha kamba, ili mgonjwa avute kwa mkono mzima na kuuinua ulioumia.

Baadaye nilihamishiwa kituo kimoja cha afya Hanang, upande wa Basotu. Huko nilimpokea Mama Yuditha, mjane, mkulima wa kijiji cha Dirma. Fahali alimvuta kwa kamba aliyokuwa ameishika, bega likateguka. Lilirudishwa mahali pake, lakini majirani walimwonya asiusogeze mkono. Alipofika kwangu, bega lilikuwa limeganda. Hata kufunga kitambaa kichwani hakuweza.

Tulianza polepole. Aliinama, akauacha mkono uning'inie na kuyumba wenyewe. Kisha akatambaza vidole ukutani, kila mara juu kidogo, ameuma meno. Asubuhi moja alikuja amefunga kitambaa mwenyewe.

"Daktari, tazama!" akalia kwa furaha.

Bega lilikuwa bado halijapata nguvu nilipoitwa na mkuu wa kituo.

"Umehamishwa. Unarudi Mbulu, hawana mtu."

"Na hapa?"

"Hapa watasubiri."

Nilimwelekeza Mama Yuditha mazoezi ya kufanya nyumbani, nikaondoka.

Miaka ikapita. Nikakutana naye mnadani, mkono ameukunja kifuani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Bega vipi?"

Akanieleza kwamba mwaka uleule nilioondoka, msimu wa kulima ulipofika, hakuwa na wa kumsaidia. Akashika jembe, bega likateguka tena.

"Nilikwenda kituoni, nikakuta chumba kimefungwa," akasema. "Nikawa narudi kila mara kukuulizia. Nilidhani uko likizo."



Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mganga Mkuu wa Wilaya alisifu utumishi wangu. Nikamuuliza nani anachukua nafasi yangu. Akanishika mkono, akanipongeza tena.

Sasa naishi Tumati, hukuhuku Mbulu. Wenye mabega yaliyoumia bado wananifuata nyumbani. Kazi hii hutaka mikono ya kuushikilia mkono wa mgonjwa, na yangu siku hizi inatetemeka. Nawaelekeza kwa maneno. Wananisikiliza kwa heshima, wananishukuru, kisha wanaondoka wamekumbatia mikono yao vilevile kama walivyokuja.