Walibeba Ekrani, Wakaacha Sanduku

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa, mwaka mji wetu ulipovunjika kwa uporaji, nilimpoteza yaya, ndugu yangu mkubwa, ndani ya hospitali ndogo ya huku Katuba.

Yeye alitunza majina ya wafu kwenye kompyuta ya chumba cha maiti. Mimi nilikuwa mtu wa jenereta. Programu ya data ilikuwa ile nzito ya makampuni, tuliachiwa na mgodi uliofungwa. Linux, mfumo wa kuendesha mashine ulioibeba programu hiyo, yaya aliiweka mwenyewe, kwa kuwa ni ya bure, mali ya wote. Zamani watu walirarua kurasa za kitabu cha maiti, ndiyo maana alikiondoa. Maiti alifungwa namba tu mguuni. Jina lilikaa ndani ya mashine.

Waporaji waliingia mchana, na bunduki na mapanga.

"Mungoje kwanza niifunge muzuri," yaya aliwaambia, maana data ikikatwa ghafla huweza kuharibika. "Iyi iko ya bantu bakufa."

"Basi na weye ingia mu liste!" mmoja akacheka.

Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, kisha panga shingoni. Nilikuwa nyuma ya jenereta, hatua kumi hivi. Sikutoka.

Waling'oa nyaya, wakabeba ekrani, kioo cha kutazamia, wakidhani ndiyo kompyuta. Sanduku lenyewe waliliacha chini ya meza.

Tulimzika kesho yake. Siku ya tatu, frigo za maiti zikiwa bila umeme kwa kuwa mafuta ya jenereta yalibaki kidogo tu, daktari mkuu akaamuru maiti wote watupwe katika shimo moja kabla ya jioni. Getini watu walipigana kwa mawe na mipini ya majembe, kila mtu akitaka kumtafuta wake kwanza. Ndani nyuso zilikuwa zimevimba, hakuna aliyetambulika.

Niliazima ekrani kwa mpiga chapa wa sokoni, nikawasha jenereta kwa mafuta yaliyobaki. Linux ikaamka, lakini majina hayakuwapo. Halafu nikakumbuka: yaya hakuiruhusu programu ya data ijiamshe yenyewe, kwa kuogopa umeme wetu wa kukatika. Aliiamsha kwa mkono kila asubuhi, mbele yangu, bila kunificha neno la siri. Vibonye vilikuwa vimegandana kwa damu yake. Nikavikwangua kwa kisu, nikaandika kama alivyokuwa akiandika, na mwisho kabisa: startup, amri ya kuiamsha. Programu ilichelewa, ikijitengeneza pale ilipokatwa. Kisha majina yakatoka.

Nilisoma namba, jina na alikotoka kila mfu, muuguzi akaita dirishani.

"Namba saba, baba wa kutoka Kipushi!"

"Iko wetu! Mutupishe!" watu wakapaza sauti getini.

Namba ishirini na mbili alikuwa mtoto wa miaka minne. Mama yake, mtu wa Kasungami, mbali pembeni mwa mji, alipoingia kumchukua alinipiga kofi.

"Siku tatu munaniacha hapa inje, baba!"

Teksi hazikuwapo. Akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akaondoka kwa miguu.