Chui Aliyejikwaa Ulimi

Fundi makochi alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakijawahi kumletea hata kikombe cha chai: kugawa nguvu. Siyo nguvu za misuli, maana hizo Mungu alimpunja kidogo. Nguvu za mchezo wa chui na mbuzi, unaochezwa kila Jumapili alasiri kwenye karakana yake, watu wakiwa wamejibwaga juu ya makochi ya wateja. Mteja akilalamika kwamba kochi lake jipya limebonyea, fundi humwambia lilikuwa linalainishwa.

Mchezo wenyewe hata wewe unauweza. Kila mtu hupewa kipande cha boksi kwa siri. Wawili ni chui, mmoja ni Jicho, waliobaki ni mbuzi. Fundi ndiye refa. Akisema "usiku", wote hufumba macho. Chui hufumbua na kumchagua wa kumla, kisha Jicho hufumbua, humnyooshea mtu kidole, na refa humjibu kwa kichwa kama huyo ni chui. Akisema "kumekucha", watu hulaumiana mpaka wamfukuze mmoja.

Usidhani fundi alikuwa mpenda michezo. Alikuwa na dada mkubwa, nesi, na kaka, dereva wa lori. Hao wawili waligombania mama yao ahamie kwa nani, wakaapa kutosemeshana. Vita vya panzi hivyo: mama akabeba mto wake akahamia kwa fundi, kitinda mimba. Tangu hapo ndugu hao wakikutana mlangoni, mmoja hutazama dari na mwingine viatu. Ila mchezoni ukituhumiwa lazima ujibu, na hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yao ya pekee. Mama alikaa kochi la katikati akiyasikiliza kama redio.

Tatizo ni kwamba kaka akipata chui, humla dada usiku wa kwanza. Dada akipata Jicho, humnyooshea kaka kidole kabla maji ya chai hayajachemka, na mchezo kwisha habari yake.

"Nikiliwa wa kwanza tena nikakaa kama gunia," dada alisema Jumapili moja akivaa viatu, "kiti changu mpeni paka."

Mama alifunika tu kikombe cha dada, kana kwamba kuna mtu atarudi kukinywa.

Fundi alihangaika wiki nzima, anagonga msumari huku anapunguza makali ya Jicho, anakata sponji huku anapunguza kucha za chui. Ukimnyima chui meno anakuwa mbuzi mwenye madoa. Ukiliacha Jicho lione kila kitu, nani atajificha? Mwishowe akaja na sheria mbili. Jicho litawanyooshea kidole watu wawili, liambiwe tu kama ni wa kundi moja. Na aliyeliwa haondoki: anakuwa mzuka, anakaa palepale, na ana neno moja. Akishalisema, mdomo kufuli.

Jumapili ikafika. Usiku wa kwanza dada akaliwa, kama ilivyo desturi ya kaka. Akakunja mikono, lakini viatu hakuvaa. Neno lake lilikuwa bado mdomoni. Refa akaita Jicho lifumbue, halikufumbua. Akakohoa, akaita tena, akapita.

Kulipokucha kaka akasimama. Huyu bwana maneno yake hayakuwa na breki.

"Jamani, chui ni mshona mapazia huyu. Usiku ule tulipomla dada, nilisikia kiti chake kinalia."

Watu wakaanza kumgeukia mshona mapazia, mama wa watu mpole. Dada akainua kidole.

"Tu," akasema.

"Tu nini?" akauliza kinyozi wa jirani. "Amechoka tu?"

Dada akanyamaza. Akiba yake ilikuwa imekwisha. Mshona mapazia ndiye aliyelidaka.

"Tulipomla," akarudia taratibu. "Hakusema walipomla. Tu. Wewe na nani, shemeji?"

Karakana ikaangua kicheko mpaka springi moja ikachomoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi huu ulijikwaa mara mbili, maana tangu ugomvi ule kaka alikuwa akimwita dada yake "huyo nesi", na leo limemtoka neno "dada". Fundi alilisikia hilo. Dada pia.

Kaka akatupa kipande chake mezani, akamgeukia. "Dada, masikio yako hayazeeki."

Dada akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama refa.

"Mzuka hana neno la pili," kinyozi akawahi. "Sheria umeitunga mwenyewe, refa."

Fundi alijua. Alijua pia kwamba kwa mara ya kwanza mizani ilikuwa imekaa sawa, chui mmoja kafukuzwa, mmoja bado kajificha, utamu ndio kwanza unaanza.

"Mchezo umekwisha," akasema.

"Umekwishaje?" Kinyozi akainua kipande chake. "Chui bado mzima mimi, tena nina njaa."

Nani amsikilize? Dada alikuwa amesogea ukingoni mwa kochi. "Umekonda," akamwambia kaka. "Presha umepima lini?"

"Sijapima."

"Nilijua tu. Sogea hapa nikuone."

Mama, ambaye akiambiwa afumbe macho hulala kabisa, akazinduka. Akachungulia kipande chake cha boksi, akawatazama wale wawili kwenye kochi moja, akawanyooshea kila mmoja kidole.

"Mimi ndiye Jicho," akasema. "Hawa ni kundi moja?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Refa mwongo," kinyozi akalalamika. "Mmoja chui, mwingine mbuzi."