Uvungu Chini ya Mbao

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kwa miguu kuliko kwa kichwa. Usicheke kwamba ninakuita mwanangu na mvi sina. Anayekufundisha kucheza ni mzazi pia, hata kama masomo yake yaliishia katikati.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Parokiani kwetu Vulamba, mjini Butembo, aliishi mtawa kutoka Hispania, Masere Amparo; masere ndivyo tunavyowaita watawa wa kike. Mdogo wake, Consuelo, alikuwa mcheza densi wa jukwaani. Alikuwa amecheza Ulaya, Japani, Argentina, kwa viatu vyenye misumari chini, vinavyolia kama ngoma. Lakini Masere hakuwahi kumwona jukwaani, maana aliingia utawa Consuelo akingali mtoto. Basi Consuelo alikuja Butembo siku tatu, amchezee dada yake kabla ya kurudi uwanja wa Mavivi kupanda ndege.

Kazi ya kutandika uani mbao za kuchezea nilipewa mimi. Nikazilaza juu ya udongo, haraka haraka, nipate nafasi ya kujizoeza hatua zangu. Nilikuwa na ndoto: Consuelo ataniona, atanibeba mpaka Hispania. Hata mbuzi wetu nilikuwa nimeshamuaga kwaheri.

Siku ya mwisho, mchana, watu wakakaa. Consuelo akapanda, akapiga kisigino. Puu. Akapiga tena. Puu, kama mtu anayetwanga matope. Masere akainamisha uso. Ndege ilikuwa kesho asubuhi.

Consuelo akapiga magoti, akagonga ubao kwa ngumi, akasema neno. Masere akanigeukia mimi, Masika, akatafsiri.

“Anasema: Masika, mbao hii umeizika.”

“Masere, niliifagia yote muzuri.”

“Juu ulifagia. Na chini, uliangalia?”

“Chini mutu hapana ona.”

“Yeye anaonaka na masikio.”

Consuelo akavua viatu, akaanza kunyanyua mbao mwenyewe. Tukapanga magogo chini ya mbao, moja baada ya jingine. Akiwa ameinama hivyo akanisimulia, dada yake akitafsiri, jinsi alivyoanza kwa kufagia jukwaa la wengine, miaka mingi. Mpaka leo, kila nchi anayofika, kabla ya kusalimia wakubwa anapiga magoti na kugonga sakafu. Kuna mahali wanamcheka: mama mwenye jina kubwa, anatambaa kama mtoto. Yeye anagonga tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na debe tupu tunalitukana kwa kelele zake, kumbe sakafu isiyo na uvungu ni bubu.

Mawingu yalikuwa yameshuka mlimani tulipomaliza. Akavaa viatu, akapanda, akapiga kisigino kimoja, na batoto wote wakaruka. Alicheza mpaka matone ya kwanza. Masere hakupiga makofi. Alivua sandali, akaweka nyayo zake pembeni mwa ubao, asikie kwa miguu. Nikafanya kama yeye.

Consuelo hakunibeba Hispania. Hatua zangu hata hakuziona. Lakini sakafu hii unayochezea hapa Mususa, magogo yake nimeyapanga kwa mikono yangu.

Basi nakuusia, mwanangu: kabla ya kutamani kuonwa, inama. Tengeneza pale ambapo hakuna atakayetazama, maana siku ya siku hapo ndipo patakaposema.

Mungu akupe sakafu yenye sauti popote utakapokanyaga, Beni ama ng’ambo, na mmoja wa kwenu aliyevua viatu ili akusikie.