Bafu la Wageni Wangu

Mimi ni dereva, naishi Majengo, na mke wangu kwao ni kisiwani Rusinga. Juzi niliwapeleka huko watalii wawili wa Skotilandi, mume na mke, kwa gari lenye kitanda, jiko na bafu. Njiani tulipata pancha, kisha tukakwama matopeni. Tulipofika niliwaambia nakwenda kuoga ziwani, lakini nikaogopa mamba, nikanyemelea bafu lao.

Nikiwa na povu hadi masikioni, yule mume akashika usukani, gari likaondoka. Liliposimama nilimsikia yule mama akiwatembeza watu ndani, kwa Kiswahili chake cha kubabaisha.

“Hapa napika. Hapa nalala. Na hapa naoga.”

Akafungua mlango. Mbele ya wote alisimama mama mkwe wangu.

Nikajisitiri kwa kipande cha sabuni. “Shikamoo, mama.”