Siku ya Kula Kiwandani

Kiwanda cha minofu kilipokuwa kinafanya kazi, mtaa wetu wa Kirumba ulinuka sangara na klorini tangu alfajiri, na wageni walitembea wameziba pua. Sisi hatukuziba. Ile ilikuwa harufu ya mama zetu. Mama yangu, Veronika, alirudi nayo kwenye nywele na vidoleni, akinikumbatia naivuta mpaka kifua kinajaa. Kisha samaki wakapungua ziwani, mashine zikazimwa, geti likafungwa kwa mnyororo, na ndani ya wiki moja hewa yetu ikawa safi kabisa. Sijawahi kuchukia hewa safi namna ile! Wakubwa walifarijiana kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mama hakubisha, alichukua beseni akaenda soko la Mwaloni kuuza dagaa. Ila aliniambia waziwazi: kazi isipopatikana kabla shule hazijafungwa, tunarudi Ukerewe kwa bibi kulima mihogo. Nilikuwa darasa la nne. Bibi nilimpenda, jembe sikulipenda hata kidogo.

Hayawi hayawi, yakawa. Mwekezaji mpya alikuja, mnyororo ukakatwa, na mafundi wa majokofu wakaingia na masanduku yao ya vifaa. Watoto tulishinda tumening'inia kwenye uzio, tukinusa rangi mbichi na kubishana ni mashine gani imenguruma. Mama lishe wakarudisha mafiga yao kando ya ukuta hata kabla hajapatikana wa kula. Mtaa ulichangamka, we acha tu! Ijumaa moja mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Masanja, Msukuma halisi ambaye herufi R haijawahi kukaa vizuri kinywani mwake, akapita na kipaza sauti: "Wafanyakazi wote wa zamani! Kesho saa nne, kiwandani kuna kula! Kila mtu aje mwenyewe!" Vigelegele vikapanda. Kula! Mimi nikaanza kuota pilau. Mama akanuna. "Walitufungia geti bila hata kwaheri, leo wanatuita tukale? Mimi si ombaomba. Nina mikono." Nikamsihi aniruhusu niende peke yangu, akasema niende tu na ulafi wangu, nisije nikasema ametuma yeye.

Kesho yake uwanja wa kiwanda ulijaa watu na sahani. Wengine walikuja na mabakuli yenye mifuniko, ya kubebea waliobaki nyumbani. Meneja, dada wa Kihaya mwenye miwani, akatoka na ndoo mkononi, akatutazama, akavua miwani, akaivaa tena. "Jamani, sahani za nini?" Tukajibu kwa pamoja, "Si tumeambiwa kula!" Mzee Masanja akajishika kichwa. "Kula, jamani! Kula ya kuchagua! Ya vikalatasi!" Watu waliangua kicheko, sahani zikagongana. Walipotulia, meneja akaeleza kwamba wakataji minofu wa zamani ni wengi na nafasi za kuanzia ni chache, kwa hiyo ili pasiwe na upendeleo, kila mmoja atachota karatasi kwa mkono wake. Yenye muhuri wa samaki ni kazi. Tupu ni tupu. Ukiitwa mara tatu hupo, imekupita. Wakaanza na Agnesi, kwa mpangilio wa alfabeti, nami kicheko kikanikatika. Mama! Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwamba mama hakubatizwa Anastazia.

Nilikimbia na sahani yangu mpaka Mwaloni, nikipiga kumbo wabeba magunia, wakinitukana na mimi nikiomba radhi bila kusimama. "Mama, siyo kula, ni kura! Ni kazi!" Mama hakuinuka. Aliendelea kupanga mafungu ya dagaa, taratibu, akasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kumwonesha mzazi, nikamvuta mkono kwa nguvu zote, beseni likapinduka. Nilingoja kofi. Badala yake jirani yake wa pale sokoni akapaza sauti, "Mama Neema, nenda! Dagaa nitakuokotea mimi!" Mama akanitazama, akalitazama beseni, akakaza kanga kiunoni. Tulikimbia! Kufika nusu njia ni yeye aliyekuwa ananivuta mimi, ndala moja mguuni, nyingine sijui iliishia wapi. Tunaingia getini, Mzee Masanja anaita, "Velonika, mala ya tatu!" Mama akapiga kelele, "Nipo!" Akazamisha mkono kwenye ndoo, akatoa karatasi, akashindwa kuifungua. Akanipa. Nikaikunjua. Samaki! Samaki wa buluu, mzima, na mkia wake! Mama alikaa chini palepale kwenye saruji, akacheka huku analia.

Ukerewe tulikwenda kwa Krismasi tu. Siku hizi eneo lile lina viwanda vipya, kimoja cha barafu, kingine cha chakula cha samaki wa vizimba, na nafasi za kazi zinatangazwa kwenye simu, zimeandikwa vizuri, R kwa R na L kwa L. Kazi yangu ni kupita Mabatini na Kirumba kuandikisha vijana kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Juzi nilikuwa nawasimulia watoto wangu kisa cha sahani, tumeshika mbavu wote, mama akaacha kucheka. "Neema, nimekaa na Wasukuma miaka yote hii, nisijue kula yao? Siku ile nilisikia vizuri. Niliogopa karatasi tupu."

Tangu hapo, kijana akiniambia mtaani kwamba hana shida na kazi za kiwandani, kwamba zina wenyewe, sibishani naye. Naandika jina lake, kisha nakaa mlangoni kwao mpaka avae viatu.