Ufunguo wa Mzee Bujiku

Mimi ni Mzigua niliyezaliwa Shinyanga mjini, na Mzee Bujiku ni Msukuma wa Mwamagulu, kwa hiyo sisi ni watani. Hilo lieleweke tangu mwanzo, maana yote yaliyotokea yalitoka hapo. Nikimkuta msibani nawaambia watu huyu hakuja kulia, amefuata ugali. Yeye akiniona sokoni anawaambia wauzaji wabane mifuko yao. Kwanza namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu tunaanza kutukanana kwa raha zetu. Miaka kumi na mbili tumeishi hivyo, na hakuna aliyewahi kununa.

Mzee alizaliwa nyuma ya jiko la misheni ya Mwamagulu. Baba yake, Marcel, alikuwa mtunza bustani wa mapadre wa kizungu, na mzee alirithi kwake mkasi wa kukatia maua pamoja na ubishi. Ujanani alitoroka, akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Huko akafukiwa ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, yeye na wenzake watatu. Alitolewa peke yake akiwa hai, baada ya kumsikiliza mmoja wao akimwita mama yake mpaka sauti ikakatika. Akarudi misheni, akashika jembe, akaoa, akazika mke, akamlea binti yake Scolastika, na hakuliacha tena jembe hilo. "Mama Safiya," aliwahi kuniambia, "udongo nitaulima mpaka nife. Lakini kuingia ndani yake tena, hapana. Hata mkinizika, niwekeni juu juu." Nilicheka. Mimi hucheka hovyo, ndilo tatizo langu.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Safari ni ya siku tatu: kanisa la zamani, mashamba ya walowezi, bustani za misheni. Mwezi wa saba nilipata walimu wastaafu kumi na mmoja kutoka Dar es Salaam, na kosta yao. Siku ya kwanza nikawapeleka Mwamagulu. Wakaliona kanisa la matofali ya kuchoma, kisha mzee akawatembeza bustanini, kwenye waridi, mibuni na mistafeli, akiutaja kila mche na aliyeupanda. Alikuwa amevaa koti la Jumapili.

Mwalimu Rebeka, mama mmoja mpole sana, alikuwa akirekodi kwa simu. Akauliza Wajerumani waliacha nini pale. Mdomo wangu ukatangulia.

"Waliacha dhahabu," nikasema, nikamshika mzee begani. "Na huyu Msukuma ndiye mwenye ufunguo. Baba yake alilizika sanduku kwa mikono yake, na huyu mchoyo anakula michembe ya viazi juu yake mpaka leo."

Mzee naye hakubali kushindwa. "Kweli kabisa," akajibu. "Shida yangu ni kupata usingizi, maana Mzigua keshajua njia ya kwangu."

Tukacheka wote. Ningekuwa nimesema hayo Handeni, kwa Wazigua wenzangu, mambo yangeishia kwenye chai. Huku kwetu mali ya Mjerumani si hadithi ya watoto. Nawajua watu walioacha wake na ng'ombe kwa ajili ya kuitafuta. Na ikisikika kuna dhahabu mahali, kesho yake ni rashi: watu mia wenye masururu, mama wa mihogo, muuza viroba vya maji, kila mtu na shimo lake. Nilikuwa nayajua yote hayo, na bado nilisema.

Tulilala Katoro. Siku ya pili nilikuwa kwenye shamba la zamani la mkonge, nawaonyesha wageni magofu ya mashine, ndipo bodaboda mmoja, Sabiti, akanisogelea kwa adabu.

"Samahani mama. Yule mzee mwenye ufunguo, ni wa Mwamagulu hii hii?"

Akanipa simu nione. Mwalimu Rebeka alikuwa ameituma video kwenye kundi la kwaya yake, kwa nia njema kabisa. Wengine wakaituma wanakojua wao, na katika kutumwa ikakatwa. Kilichobaki ni sekunde kumi: mimi, bega la mzee, sanduku, ufunguo. Kicheko hakimo.

Pale pale nikampigia mzee, hapatikani. Nikampigia Scolastika.

"Baba amejifungia kanisani tangu asubuhi," akasema. "Watu wa dhahabu wako nje."

"Wanafanya fujo?"

"Hapana, mama. Wanatusalimia vizuri. Wamemletea mpaka soda. Bora wangefanya fujo."

Nikapiga simu kituo cha polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji, wote wakasema wanakuja. Utaniuliza kwa nini sikwenda saa ile ile. Niliogopa, basi. Nilijidanganya kwamba wageni wana ratiba, nikaendelea kueleza habari za mkonge.

Asubuhi ya siku ya tatu nikawaambia walimu ukweli wote. Mwalimu Rebeka akalia kwenye kanga yake. Wenyewe wakamwambia dereva ageuze gari.

Tulifika Mwamagulu saa tatu, jua limeshakuwa kali, nikawaambia walimu wabaki garini. Mistari ya waridi haikuwepo. Palipokuwa na mistafeli palikuwa na shimo la kina cha watu watatu, magogo yamelazwa juu ya mdomo wake, na kamba yenye kitanzi cha kuwekea mguu. Watu walikuwa wengi mno, wamekaa kwenye kifusi wametulia. Polisi hakuwepo hata mmoja. Mwenyekiti wa kijiji niliyempigia jana nilimwona miongoni mwao, ameshika koleo. Akatazama pembeni.

Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Mzee Bujiku alikuwa ameshatolewa. Wanaume wawili walimshika viwiko, taratibu, kama unavyomsaidia mzee kwenda kukomunika. Suruali yake ilikuwa imelowa. Scolastika alikuwa amezuiwa ukutani na wanawake, wakimwambia usiogope, baba yako atapanda sasa hivi.

"Shikamoo mama," akasema aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa sauti ya chini aitwaye Adam. "Hapa hapigwi mtu. Mashine ya kupimia madini imelia. Mzee anashuka, anatuonyesha upande, anapanda."

"Mashine imelia kwa ajili ya mabati mabovu," nikasema. "Na ule ulikuwa utani. Mimi Mzigua, yeye Msukuma. Muulize Msukuma yeyote."

"Mimi mwenyewe Msukuma, mama. Utani naujua. Mtu hutaniwa kwa kitu alicho nacho. Ukimtania mtu upara, upara upo."

Watu wakaitikia. Mzee akaanza kuapa kwa Bikira Maria, kwa kaburi la mkewe, kwa macho yake. Nyuma yangu mtu akasema, "Anaapa sana huyu. Asiyejua kitu haapi hivyo."

Wakamsogeza mpaka mdomoni mwa shimo. Udongo wa ukingoni ulikuwa ukimomonyoka wenyewe, nikausikia ukidondoka chini. Wakamwinua mguu, wakautia kwenye kitanzi. Mzee Bujiku hakupiga kelele. Alisema, "Mayu. Mayu." Mama, kwa Kisukuma. Mtu wa miaka sabini na sita.

Sijui nilipata wapi sauti.

"Mtoeni huyo," nikasema. "Hajui lolote. Babu wa baba yangu alikuja na Wajerumani kutoka Pangani, mpagazi wao. Yeye ndiye aliyezika. Karatasi ya kuonyesha mahali iko kwetu Shinyanga, na si hapa mnapochimba."

Ya mpagazi ni kweli. Hayo mengine niliyatunga nimesimama.

Adam akanitazama. "Mbona ulimsingizia mzee?"

"Ili mumtazame yeye," nikasema. "Mnadhani Mzigua anakuja Mwamagulu miaka kumi na mbili kuangalia maua?"

Niliona wanavyolipokea lile neno, mmoja baada ya mwingine, na lilivyowaingia vizuri. Uongo wangu ulikuwa na akili kuliko ukweli wangu. Adam akatoa ishara, wakakitoa kile kitanzi mguuni, wakamkalisha mzee chini na kumfuta vumbi.

Kisha wakanigeukia mimi. Wakanipiga picha. Adam akauliza ninakaa mtaa gani, na kabla sijafungua mdomo mtu wa nyuma akautaja, na rangi ya geti langu akaitaja.

"Jumamosi tutakuja," Adam akasema. "Uwe nyumbani, mama yetu."

Leo ni Alhamisi. Mwanangu Safiya nimempeleka kwa shangazi yake Tabora. Kituoni nimeandikisha maelezo, wakaniuliza kama hiyo karatasi kweli ipo. Aliyeniuliza alikwenda kwanza kufunga mlango.

Lakini kinachonitafuna si hicho tu. Kabla ya kuondoka nilipiga magoti mbele ya mzee, nikamshika mkono. Nilingoja anitukane, aniite mwongo, mla nini sijui, chochote, nijue tumepona.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakuja," akasema.

Hakuwa akitania. Adam alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu mpaka nasikia pumzi yake, na kamba bado iko mkononi. Ningemnong'oneza mzee ukweli, angeuonyesha usoni, maana hajui kuficha.

"Ndiyo, mzee," nikamjibu.

Akautoa mkono wake ndani ya mikono yangu, akaufuta kwenye koti.